Sifuri Niliyomwandikia Mulei

Kufikia saa saba mchana siku ya Alhamisi nilikuwa nimechungulia barabara mara kumi na moja, na Mama alikuwa amenicheka mara zote hizo.

"Wewe, hata kuku wameanza kukushangaa," alisema, amekaa uani anapepeta pojo. "Hebu keti. Mwanamume akijua umemngoja hivyo atavimba kichwa kabla hata hajaleta mbuzi."

"Simngoji mtu. Naangalia kama kutanyesha."

"Kutanyesha? Mwezi wa nane, hapa Matinyani?" Akacheka mpaka ungo ukayumba na pojo zikamwagika. "Kaluki, wewe ukidanganya unadanganya vibaya sana."

Ningependa kucheka naye. Lakini nilikuwa na hofu, na si ile hofu tamu ya msichana anayekaribia kuolewa. Ilikuwa hofu ya kweli, inayokuamsha ukiwa umekaza meno. Jumamosi, siku mbili tu zijazo, ilikuwa ntheo yangu, na mwanamume wangu alikuwa Tawa, kwao Makueni, ndani ya kambi ya kipindupindu, siku ya tisa.

Kwa asiyejua mambo yetu ya Ukambani, ntheo ni mbuzi watatu ambao mwanamume huleta kwa kina msichana. Mmoja anachinjwa, watu wa pande zote mbili wanakula pamoja, na ile nyama ikishaliwa basi, wewe ni mke wa mtu. Harusi ya kanisani itakuja baadaye na keki yake na suti zake. Lakini bila ntheo wewe ni rafiki tu. Unaweza kuishi naye miaka ishirini, umzalie watoto, na siku akifa wakuweke kwenye viti vya wageni. Rafiki yangu Ndinda yalimpata. Kwenye matanga ya mwanamume wake mwenyewe aliletewa chai na vipande viwili vya mkate, kama mtu aliyekuwa anapita tu njia. Nilikuwa nimekaa kando yake, na nikaona chai ikimwagika kwenye sahani mkononi mwake.

Nilikuwa nimemwapia Mungu kwamba mimi hayo hayatanipata.

Mulei ni nesi. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake la kwanza machoni pa Baba. Baba yangu, Mzee Nyamai, ni mzee wa kanisa na mkulima, na alipoambiwa kwamba bintiye aliyesomea hesabu hadi chuo kikuu amependa mwanamume nesi, aliuliza swali moja: "Kwani madaktari waliisha?" Kosa la pili halikuwa la Mulei. Ntheo ilikuwa ifanyike mwezi wa nne, na wiki ileile baba yake akafariki. Ikaahirishwa. Baba alinyamaza siku nzima, halafu akasema, "Mara moja nimeelewa. Wakishindwa tena, mlango wangu utafungwa, na nisisikie tena hilo jina."

Halafu, mwishoni mwa mwezi wa saba, Tawa wakaanza kuugua.

Sasa niseme kazi yangu, maana hata Mama hudhani natengeneza kompyuta. Mimi nafanya kazi Kitui mjini, kwenye ofisi ya afya, na kazi yangu ni kupiga hesabu ya ugonjwa unavyosambaa kabla haujasambaa. Unachukua watu wa mahali na kuwagawa kwenye masanduku. Hawa ni wazima. Hawa ni wagonjwa. Hawa wamepona. Na hawa, wanaonitia hofu kuliko wote, wamebeba ugonjwa na hawajui, wanatembea, wanacheka, wanakaribishwa chakula. Halafu unauliza: mgonjwa mmoja anaambukiza wangapi? Ikiwa chini ya mmoja, ugonjwa utazimika wenyewe. Ikizidi mmoja, unawaka. Tawa ilikuwa wawili na nusu.

Baba alinisikiliza nikimweleza hayo, akakuna kidevu, akaniwekea sharti. "Pigia hao wageni thelathini wa upande wake hesabu. Mashine yako ikisema ni salama, waje. Ikisema si salama, wasije kabisa, na maneno ya huyo nesi yaishe."

Nilipiga hesabu siku tatu. Nikauliza kila mgeni anatoka kijiji gani, anachota maji wapi, choo ni cha nani. Jumatano jioni jibu likatoka: uwezekano kwamba hata mmoja wao amebeba kipindupindu ulikuwa nane kwa mia. Nane tu! Nikaruka jikoni nikamkumbatia Mama, nikampigia Mulei simu nikipiga kelele. "Njoo uone kwa macho yako," nilimwambia. Alikuwa amepewa mapumziko ya nusu siku, ya kwanza tangu kambi ifunguliwe. Akasema anakuja.

Lakini usiku ule sikulala. Jibu lilikuwa limetoka zuri mno, na sikutaka kujiuliza kwa nini.

Pikipiki yake ilisikika saa nane kasoro. Aliiacha nje ya lango, akavua kofia ya chuma, akaingia akitembea polepole. Woi, Mulei wangu! Shati lilikuwa linamning'inia mabegani. Macho yalikuwa yameingia ndani, ila yaliponiona yakawa yaleyale, ya mtu anayetaka kucheka lakini amejizuia kwa heshima ya boma la watu.

"Wakya, Mama," alimsalimu mama yangu kwa mbali.

"Aa! Karibu, daktari. Huko Tawa hawapiki? Umekonda hadi masikio yameongezeka."

"Wanapika, Mama. Ni mimi sina muda wa kutafuna."

"Basi nitakupikia mimi." Mama akaokota ungo wake akaingia jikoni, na njiani akanikonyeza jicho.

Nikamwendea Mulei kwa haraka, mkono umeshanyooka. Akarudi nyuma hatua moja, akaficha mikono mgongoni.

"Usiniguse, Mwendwa," alisema. Mwendwa ni mpenzi, ndivyo anavyoniita.

"Umenawa."

"Nimenawa mara mia. Bado usiniguse."

Kipindupindu hakiruki hewani, hilo najua kuliko watu wengi. Kiko mikononi, kwenye maji, kwenye chakula, kwenye choo. Tungeweza kukaa karibu tu tusishikane. Kwa hiyo tukakaa barazani, yeye upande huu wa meza na mimi upande ule, na kompyuta yangu katikati. Tangu kambi ifunguliwe nilikuwa sijamgusa. Niliona ngozi ya vidole vyake imepasuka na kuwa nyeupe kwa sababu ya klorini, na nilitamani kuvichukua vile vidole nivipake mafuta kimoja kimoja.

"Unaniangalia kama mgonjwa," alisema.

"Nakuangalia kama mume."

"Si haki. Unasema hivyo na meza iko katikati."

"Ngoja Jumamosi."

Akatabasamu, lakini tabasamu halikukaa. "Nionyeshe hiyo nane," akasema.

Nikaigeuza kompyuta. Nilimwonyesha masanduku yangu, mishale, chati ya Tawa iliyokuwa inapanda kama njia ya mlimani, na chati ya Matinyani iliyolala chini kabisa. Alisoma taratibu. Mulei si mtu wa hesabu lakini ni mtu wa kusoma mstari hadi mwisho.

"Mama yangu yuko hapa," alisema, amefika kwenye orodha ya wageni.

"Ndiyo. Anachota kisima cha kanisa, kimetiwa dawa. Yeye ni salama."

"Mjomba Kivuva yuko hapa. Shangazi. Watu wa kwaya." Akarudi juu ya orodha. "Hawa ni ishirini na tisa, Kaluki. Mgeni wa thelathini ni mimi. Mimi niko safu gani?"

Sijui kama umewahi kuulizwa swali ambalo umelikimbia siku tatu.

"Wahudumu wako kando," nilisema. "Nyinyi mna glavu. Mna dawa. Mnajua kujikinga."

"Fungua hiyo safu."

"Mulei, hakuna haja..."

"Si uifungue tu, nione."

Nikaifungua. Safu ya wahudumu. Mbele yake nilikuwa nimeandika sifuri kwa mkono wangu mwenyewe.

Aliiangalia kwa muda mrefu. Alipozungumza hakupaza sauti, na hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi.

"Tuko saba pale kambini. Kisilu amelazwa tangu jana, yuko kitanda cha tatu kutoka mlangoni, mimi ndiye niliyemtia dripu. Na yule dada wa usafi anaumwa tangu Jumatatu. Wawili kwa saba. Wewe ndiye unajua hesabu. Wawili kwa saba ni sifuri?"

Kwetu watu hawahesabiwi. Ukimuuliza Susu, nyanya yangu, ana wajukuu wangapi, atakwambia "ni hawa tu," na ukinyoosha kidole kuanza mmoja, wawili, atakipiga hicho kidole. Unayemhesabu ni kama umemwonyesha kwa kifo. Nimesoma, nina shahada, nimehesabu watu elfu mbili na mia nne wa Tawa bila kupepesa jicho. Lakini nilipofika kwenye safu yenye Mulei, kidole kiligoma. Nikajiambia ni kwa sababu wana glavu. Uongo mtupu. Niliandika sifuri kwa sababu sikuweza kuandika kwamba mwanamume ninayempenda anaweza kuugua na kufa.

"Niandike," Mulei alisema.

"Siwezi."

"Kaluki. Niandike mimi pamoja na wenzangu."

"Nimesema siwezi! Unataka niandike nini? Kwamba umebeba? Umesimama hapa, unatembea, unaongea!"

"Hata Kisilu alikuwa anatembea na kuongea juzi. Tulikula chapati moja, tukaigawanya."

Nikavuta kompyuta. Nikaifuta ile sifuri, nikaandika nilichopaswa kuandika Jumatatu, nikaongeza na ile chapati, nikabonyeza. Mashine inafikiri sekunde nne hivi. Katika zile sekunde nne nilisali.

Hamsini na tisa kwa mia.

Na ile chati ya Matinyani iliyokuwa imelala ikainuka. Wiki ya kwanza baada ya ntheo, wagonjwa sita. Wiki ya pili, arobaini na tatu. Wiki ya tatu, mia mbili na arobaini. Beseni moja la kunawa, sinia za nyama, watu mia na ishirini wakishikana mikono, vyoo viwili. Niliyajua majina ya watu hao. Kalunde wa dukani na pacha wake. Susu wangu, miaka themanini na tatu, ambaye kuhara siku moja tu kungemmaliza.

Jikoni Mama alikuwa anaimba wimbo wa kanisani akikatakata vitunguu.

Halafu nikafanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka naona aibu. Nikasogeza mkono kwenye kibodi. "Nitairudisha sifuri," nilisema kwa sauti ya chini.

"Nini?"

"Hakuna anayejua isipokuwa mimi na wewe. Hamsini na tisa si mia. Kuna arobaini na moja ya heri. Tutaweka klorini kwenye beseni. Wewe hutashika chakula. Mulei, nisikilize! Baba amesema hakuna mara ya tatu. Nitafungiwa mlango. Na wewe Jumapili utarudi kule kambini, na kama... kama kitu kitakupata... Nitaletewa chai na mkate, Mulei. Watanipa kiti cha nyuma. Nitakulilia kama mgeni."

Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Yeye aliinamisha kichwa. Vidole vyake vyeupe vilikuwa vimeshika ukingo wa meza hadi nikadhani mbao itavunjika.

"Unafikiri mimi sijawaza hayo?" alisema. "Kila asubuhi nikivaa glavu naomba kitu kimoja. Mungu, nifikishe Jumamosi. Sisemi niishi miaka mia. Jumamosi tu, nile ile nyama na wewe, watu waone, halafu basi. Nilikuja hapa leo nikiomba hiyo nane yako iwe ya kweli. Haki ya Mungu, nilikuwa tayari kuiamini."

"Basi iamini!"

"Halafu Jumamosi nikate nyama na mkono huu, nimpe mama yako?"

"Nimesema hutashika chakula."

"Nitashika mlango. Nitashika mkono wa mzee. Nitaingia chooni. Mwendwa, sisi hatujui ugonjwa uko wapi hadi siku ya tatu, na siku ya tatu tumechelewa. Kwa siku tisa nimewafumba macho watu kumi na mmoja waliokufa. Mmoja alikuwa bibi harusi."

Hilo la mwisho hakupaswa kuniambia, na nadhani aliona. Lakini lilikuwa limeshatoka.

Wakati huohuo nikasikia jembe likiegemezwa ukutani. Baba alikuwa ametoka shambani kwa njia ya nyuma. Alisimama kwenye ngazi ya baraza, kofia mkononi, akatuangalia wote wawili.

"Karibu, kijana," alimwambia Mulei, baridi tu. Halafu akanigeukia mimi. "Haya. Mashine imesema nini?"

Nilifuta uso kwa kiganja. Nilimtazama baba yangu machoni, mimi mtoto wa mzee wa kanisa, nikafungua mdomo.

"Nane kwa mia, Baba. Wako salama."

"Vizuri. Basi nitawaambia..."

"Si kweli, Mzee," Mulei alisema. Alikuwa amesimama. "Hiyo nane haikunihesabu mimi. Ukinihesabu, inakuwa hamsini na tisa. Kaluki anakudanganya kwa sababu ananipenda, usimkasirikie. Hatari yenyewe ndiyo mimi. Watu wetu wasije Jumamosi, na mimi nisije."

Jikoni wimbo ulikatika. Baba alimwangalia Mulei kuanzia viatu hadi kichwani, kisha nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona usoni pa baba yangu. Aliogopa. Alirudi nyuma ngazi mbili, na ile hofu ikageuka hasira palepale.

"Na umekaa kwenye baraza langu? Umeshika meza yangu?"

"Nitaisafisha, Mzee. Nina dawa kwenye pikipiki."

"Usisafishe kitu! Ondoka. Na lile lango usilishike, nitalifungua mimi." Akaelekeza kofia barabarani. "Mara ya kwanza kifo, mara ya pili ugonjwa. Mimi nimechoka. Maneno yamekwisha hapa. Kaluki, umesikia? Yamekwisha."

"Nimeelewa, Mzee," Mulei alisema, akateremka.

Nikamfuata hadi langoni nikiwa nimewaka. "Nani alikuomba useme? Nilikuwa nimeshamaliza! Alikuwa amekubali!"

"Ndiyo maana nikasema."

"Umenivua nguo mbele ya baba yangu. Umenipoteza, Mulei, unaelewa? Kwa mdomo wako mwenyewe."

Alivaa kofia, akaivua tena. Macho yalikuwa yamejaa machozi. "Bila mimi utaweza kuishi, hata kama hutaki kuniamini leo. Lakini uzike Susu na ujue ni sherehe yako iliyomuua, hapo hutaweza. Mimi nakujua." Alitaka kuninyooshea mkono, nikauona ukiinuka, akaurudisha kwa nguvu. "Nakupenda. Nenda ukaoshe ile meza, upande wangu uoshe mara mbili."

Pikipiki ikanguruma. Nilisimama nikashika nguzo ya lango, nikamwona akiteremka ile barabara ya vumbi. Nilikuwa na hasira naye kiasi kwamba sikumpungia mkono. Akafika kwenye kona ya mkonge, mita arobaini hivi kutoka kwetu.

Pikipiki ikasimama.

Nikadhani anarudi. Moyo wangu mjinga ukaruka kwa furaha. Halafu nikamwona anashuka haraka, anaiacha ianguke, hata haisimamishi, na anakimbilia vichakani amejishika tumbo.

Sijui nilipiga kelele au la. Nilikuwa nimeshaanza kukimbia simu ilipolia mkononi mwangu. Alikuwa yeye.

"Simama hapo ulipo," alisema. Alikuwa anahema. "Kaluki, simama. Usikanyage huku."

Nikasimama. Alikuwa ameinuka kutoka vichakani, amejishikilia kwenye mkonge, simu sikioni. Kutoka pale nilipokuwa niliona mdomo wake ukisogea.

"Imeanza lini?" niliuliza.

"Sasa hivi. Maji matupu. Nadhani itakuja tena." Akageuka akaangalia vichaka. "Hapa pamwagwe klorini kabla mtu au mbuzi hajapita. Iko kwenye boksi la pikipiki. Na upigie Ben simu, alete gari na dripu. Nane. Si nne, waambie nane."

Nilimpigia Ben, mwenzangu wa ofisini, sijui hata nilisema nini. Alisema dakika arobaini. Dakika arobaini! Najua kipindupindu kinaweza kumkausha mtu mzima kiasi gani kwa dakika arobaini. Nimeandika hiyo hesabu mimi. Nilipogeuka Mulei alikuwa ameingia vichakani tena, na safari hii alipotoka alitambaa, akaja akaketi kando ya barabara, mgongo kwenye jiwe.

"Mama!" nililia. "Mama! Maji yaliyochemshwa! Lita moja, sukari vijiko sita vidogo, chumvi nusu kijiko!"

Baba alikuwa amefika langoni. "Kaluki, rudi ndani."

"Sirudi."

"Nimesema rudi! Unataka kufa?"

"Baba, kama Jumamosi hii ingefika na wewe ukamwamini binti yako, ungeula huo ugonjwa kwa mkono wako. Yeye ndiye amekukataza. Umemfukuza kwa kukuokoa."

Baba akatazama kule Mulei alikoketi.

Mama alitupita sote wawili bila kutuangalia, jagi mkononi na kikombe cha plastiki juu yake. Alitembea ile barabara kwa hatua za haraka, leso imefungwa kiunoni. Hofu ilinipanda upya, maana Mama naye ni mmoja tu. "Mama, weka chini, usimguse!" nikapiga kelele. Alifika hatua kama kumi kutoka kwa Mulei, akaweka jagi na kikombe juu ya jiwe, akarudi hatua chache. Halafu akafanya jambo ambalo sikulielewa mara moja. Alifungua leso kiunoni, akajifunika kichwa na uso, akampa Mulei mgongo, akasimama hivyohivyo akiangalia upande wetu.

"Kalekya, unafanya nini?" Baba alimwita kwa jina lake, jambo ambalo huwa halifanyi mbele yangu.

"Siwezi kumwangalia," Mama alisema kutoka ndani ya leso. "Nina nthoni."

Baba akaduwaa. Mimi pia. Nthoni ni ile haya kubwa iliyopo kati ya mama na mwanamume aliyemwoa bintiye. Hawatazamani usoni, hawashikani mkono, hawapigi domo. Mwanamke akimwona mkwe wake anakuja njiani anajitanda leso na kumpisha. Lakini huanza ntheo ikishaliwa. Saa moja tu iliyopita alikuwa anamtania masikio.

"Nthoni ya nini?" Baba alisema. "Mkwe gani? Hakuna nyama iliyoliwa hapa."

"Nyama italiwa. Mbuzi hawatakwisha huko Makueni." Sauti yake ilikuwa imara. "Mimi nilikuwa jikoni, Nyamai, nilisikia yote. Wengi wangenyamaza wakaja wakala. Huyu amekataa. Wewe funga mlango wako kama unataka, lakini huyo aliye nyuma yangu ni mkwe wangu, na simwangalii."

Baba akaenda polepole hadi kwenye pikipiki iliyoanguka, akafungua boksi, akatoa chupa ya klorini, akaanza kuimwaga kwenye vichaka vile, huku akigeuza uso asimwone kijana alivyochafuka.

Mulei alikuwa amelifikia lile jiwe lenye jagi kwa magoti. Alijaribu kuinua jagi, mikono ikakataa, akaliweka. Midomo ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. Aliangalia kikombe kama mtu asiyekumbuka kazi yake.

"Kaluki," Mama alisema kwa haraka, bado amenigeukia mimi, machozi yanamshuka chini ya leso, "mwambie mkwe wangu anywe. Anywe kidogo kidogo, asiache hata akitapika. Mimi siwezi kumsemesha."

Nikajaza kifua pumzi.

"Mulei!" nilipiga kelele mpaka ndege wakaruka kutoka kwenye mkonge. "Mama mkwe wako anasema unywe!"

Kichwa kikainuka. Alinitafuta kwa macho, akamwona Mama amempa mgongo, leso kichwani, na nikaona alivyoelewa. Akashika kikombe kwa mikono yote miwili. Funda la kwanza likamwagika kidevuni. La pili nikaliona likishuka kooni.